Senti 35: Somo la uchumi lililotoka Rufiji

Pipi kumi zilibaki mezani. Hilo ndilo jambo ninalolikumbuka zaidi kuhusu siku ile, kwa sababu darasa lilikuwa la vijana wa miaka ishirini na kitu, saa saba mchana, hawajala. Mwalimu alisema zichukueni, ni zenu, mmezifanyia kazi. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mwalimu huyo ni rafiki yangu. Anafundisha uchumi na fedha katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, na alikuwa amenialika kwa sababu alijua napenda historia ya kusini mwa Pwani. "Njoo uone," alisema, "leo nafundisha gharama ya fursa bila kuandika neno ubaoni." Nilikwenda nikiwa na mashaka. Nami niliwahi kufundishwa uchumi chuoni, na nakumbuka ule mfano wa bunduki na siagi, kwamba nchi ikizalisha zaidi ya kimoja lazima ipunguze kingine. Tulikariri, tukafaulu. Siagi yenyewe wengi wetu tulikuwa tunaiona kwenye tangazo tu.

Mchezo wake ulikuwa rahisi. Wanafunzi thelathini waligawanywa katika vijiji vitano, kila kijiji watu sita: jumbe mmoja na wakulima watano. Kila mkulima alipewa vipande kumi na viwili vya karatasi ya manila. Kila kipande ni muda wako wa kazi kwa msimu. Ukikiweka kwenye shamba lako la mpunga, unapata pipi moja mwisho wa msimu. Lakini vipande vinne kati ya hivyo kumi na viwili lazima viende kwenye shamba la pamba, ambalo si la mtu, ni la "ofisi". Pamba ya kila kijiji ikishauzwa inaleta pipi thelathini. Theluthi moja ni ya jumbe, theluthi moja inarudi mezani kwa mwalimu, na theluthi iliyobaki inagawanywa kwa wakulima wote watano.

Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Jumbe anapata pipi kumi. Mkulima anapata mbili. Vipande vile vinne angeviweka kwenye mpunga wake angepata nne.

Msimu wa kwanza walicheka. Majumbe walijivuna, wakatembea darasani kama wakubwa. Msimu wa pili mwalimu alitangaza kwamba ofisi sasa inahitaji vipande sita badala ya vinne, malipo ni yaleyale. Hapo kicheko kikapungua. Wengine wakaanza kukunja vipande vyao na kuviweka mfukoni, wakidai vimepotea. Kijiji kimoja kiliweka vipande vilivyochanika. Na kijiji cha dirishani, malipo yalipoletwa, hakikuyachukua. Jumbe wao akajaribu kuwabembeleza, akawaongezea hata mbili za kwake. Wapi! Pipi kumi zikabaki pale mezani zinaangaliwa.

Mwalimu ndipo akaandika ubaoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliandika: senti 35.

*

Hadithi ya senti 35 si ya kubuni. Mwaka 1902 utawala wa Wajerumani chini ya Gavana Götzen ulianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, ukaanza na wilaya ya Dar es Salaam. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walilazimishwa kulilima. Kwenye karatasi ilikuwa siku 28 kwa mwaka kwa mtu. Mapato yaligawanywa mafungu matatu: wafanyakazi, jumbe, na mfuko wa wilaya. Mwaka wa kwanza ulipoisha, mfanyakazi alipewa senti 35. Kuna waliokataa kuzipokea.

Ukigawanya senti 35 kwa siku 28 unapata senti moja na robo kwa siku. Wakati huohuo kodi ya nyumba kijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Malipo ya mwaka mzima ya shamba la bwana hayakufika hata robo ya kodi. Kwa hiyo mtu alimaliza kazi ya serikali akiwa bado anadaiwa na serikali hiyohiyo.

Nimewahi kusikia watu wakisema kuwa waliokataa senti 35 walikuwa hawajaelewa thamani ya fedha, eti walikuwa bado "wako nyuma". Baada ya kuona vijana wa chuo, wanaosomea fedha kabisa, wakiacha pipi mezani, sidhani kama maelezo hayo yanafaa. Kukataa malipo ni sentensi kamili. Ukipokea, umekubali kwamba yalikuwa ni mapatano, kazi kwa ujira, tofauti yenu ni ya bei tu. Usipopokea umesema hapakuwa na mapatano yoyote.

Lakini somo halikuishia hapo, na kilichofuata hakikuwa kwenye mpango wa mwalimu.

Binti mmoja aliyekaa nyuma aliomba kusema. Alikuwa mwenyeji wa delta, upande wa Kibiti, kule ambako ukitaka kwenda nyumbani unafika Nyamisati kisha unapanda boti. Akasema, kwa adabu lakini bila kumumunya maneno, "Mwalimu, samahani. Mchezo wako umesahau ndege."

Darasa likacheka. Mwalimu akauliza, ndege gani?

Akaeleza. Kwao mpunga haulimwi tu ukaachwa. Mbegu ikishakuwa ardhini kuna wa kuifukua, na ukianza kuchanua kuna wa kuufuata. Usiku nguruwe pori, mchana ndege. Watu wanahamia shambani, wanajenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, wanakaa huko kuamia. Siku za kuamia si sawa na siku nyingine. Ukikosa siku ya palizi, utapalilia kesho. Ukikosa siku nne za kuamia, ukirudi huna shamba. "Wewe umetupa vipande kumi na viwili vinavyofanana," akasema. "Kwetu havifanani."

Mwalimu akamwambia aje mbele arekebishe kanuni. Naye akaja. Akaandika namba kwenye vipande, 1 hadi 12. Akasema vipande namba 7 hadi 10 ni vya kuamia. Visipowekwa kwenye mpunga, nusu ya mpunga inaliwa. Kisha akapiga hesabu upya ubaoni.

Kwa kanuni za mwanzo, mkulima asiye na shamba la pamba anavuna pipi 12. Mwenye pamba anavuna 8 za mpunga na 2 za pamba, jumla 10. Hasara ni pipi mbili, jambo la kulalamikia lakini si la kufia. Kwa kanuni za binti wa delta, kama ofisi inakuita kwenye pamba siku za kuamia, vipande vinane vilivyobaki vinakupa 8, nusu inaliwa, unabaki na 4. Ongeza 2 za pamba. Jumla ni 6. Umepoteza nusu ya chakula cha nyumba yako kwa kazi ileile, ya siku zilezile nne.

Sasa fikiria afisa wa mwaka 1902 na daftari lake. Siku 28 kati ya 365 ni chini ya asilimia 8. Mezani kwake inaonekana kitu kidogo, karibu ukarimu. Hesabu yake haikuwa na kosa la kujumlisha. Kosa lilikuwa kudhani kwamba siku zote zinafanana.

*

Wanahistoria wamefika mahali hapohapo kwa njia ndefu zaidi. Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu njaa na nguruwe pori Uzaramo, anatoa hoja kwamba vita vya Majimaji haviwezi kueleweka kwa kuangalia wanaume wenye silaha peke yao. Wanaume walipovutwa kwenda kwenye kazi za lazima na vibarua vya mbali, na uwindaji wa nyavu ulipobanwa na sheria za wanyama, mzigo wa kulinda mashamba uliwaangukia wanawake. Nguruwe waliongezeka, chakula kikapungua. Hasira ilianza jikoni na shambani kabla haijafika kwenye uwanja wa vita.

Nilipomsikia binti yule nilimkumbuka Sunseri, lakini nilimkumbuka zaidi Ebrahim Hussein. Tamthilia yake ya Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, na wengi tuliosoma fasihi shuleni tuliipitia. Tunachokumbuka kwa kawaida ni maji, Hongo, na yale maswali mazito ya mwisho kuhusu neno linalomzidi nguvu aliyelisema. Tunasahau kwamba Hussein alianza na wanawake wawili wanaozungumza kuhusu njaa, wakati wanaume wako kwenye shamba la mzungu. Nilipokuwa kidato nilidhani ile ni sehemu ya kupasha moto jukwaa tu. Leo naiona ndiyo hoja yenyewe: kabla hujamleta nabii jukwaani, onyesha chungu kitupu.

Yaliyofuata yanajulikana. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambayo leo iko wilaya ya Rufiji, alianza kugawa maji ya dawa mwaka 1904. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, kusini mwa mto, watu walikwenda kwenye shamba la pamba la serikali wakang'oa miche. Angalia kitendo chenyewe. Wangeweza kuanza kwa kurusha mshale. Walianza kwa kung'oa pamba, yaani walianza kwa kuufuta ule mstari wa kwanza kwenye daftari la afisa. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita havikuzimika naye; viliendelea hadi 1907 na kuenea karibu kusini yote. Makadirio ya Wajerumani yalitaja vifo 75,000. Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya mazao kuchomwa.

Wale walioanza kwa kukataa hesabu ya chakula waliadhibiwa kwa chakula.

*

Nani alitwambia haya yote? Hapa kuna jambo ambalo walimu wa uchumi wangepaswa kuliiba.

Mwaka 1968 idara ya historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam iliendesha mradi wa utafiti wa Majimaji. Wanafunzi walirudi maeneo ya kwao, wakaenda kukaa na wazee na kuwauliza. Hawakupewa kitabu cha kukariri, kwa sababu kitabu kilikuwa hakijaandikwa. Wao ndio waliokuwa wanakiandika. Gwassa na John Iliffe walichapisha kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo, na maandishi ya wanafunzi yakahifadhiwa. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu mashamba ya pamba kwa upande wa aliyeshika jembe, nani aliitwa, nani alisimamia na kiboko, nani alikula nini, imetoka kwa wazee waliohojiwa miaka ile. Kwa kifupi, ilikuwa kazi ya darasani. Kama wanafunzi wale wangebaki bwenini na vitabu vya wakati huo, wazee wangeondoka na hesabu yao.

Uchumi nao una historia yake ya kucheza darasani. Mwaka 1948 Edward Chamberlin wa Harvard alichapisha maelezo ya soko aliloliendesha darasani kwake: wanafunzi walipewa kadi, wengine wauzaji, wengine wanunuzi, wakazunguka kupatana bei. Alitaka kuonyesha kuwa soko halisi halifuati mchoro wa kitabuni. Mmoja wa wanafunzi waliocheza, Vernon Smith, aliuchukua mchezo ule, akaurekebisha akiwa mwalimu huko Purdue, na mwaka 2002 akapata Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyoanzia hapo. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo hiyo mwaka 2009, naye alitumia michezo ya namna hiyo kuchunguza jinsi watu wanavyotunza mali ya pamoja bila kusubiri serikali au mwenye kampuni.

Sina ugomvi na Chamberlin. Lakini kwenye soko lake, mnunuzi asiyependa bei aliondoka na kadi yake. Kwenye shamba la jumbe hakuna mlango wa kutokea. Kwa hiyo mwalimu wa Tanzania akichukua mchezo wa Harvard mzimamzima na kubadilisha tufaha kuwa embe, atakuwa amefundisha soko huru kwa vijana ambao babu zao walikutana na soko likiwa na kiboko mkononi. Kitabu kinaanza na watu wawili walio sawa wanaobadilishana vitu. Historia yetu ya fedha inaanza na kodi.

*

Rufiji haikuacha kutoa masomo baada ya pamba. Mafuriko ya 1968 yalipofuatwa na kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, familia za bondeni zilipelekwa nchi ya juu, mbali na maji na mbali pia na mashamba. Mafuriko yaleyale ndiyo yaliyokuwa yanaacha unyevu na rutuba, na kuwezesha kilimo cha mlau baada ya maji kushuka. Wengi waliendelea kurudi bondeni kila msimu na kuishi kwenye madungu. Nia ilikuwa kuwakinga, na wengine walihama kwa moyo mmoja. Lakini hesabu ilikuwa ileile ya siku zinazofanana: mpangaji aliona nyumba, shule na zahanati, hakuona saa za kutembea. Mchumi Kjell Havnevik, aliyefanya utafiti huko kwa miaka mingi, aliandika kitabu kizima mwaka 1993 kuhusu mipaka ya maendeleo yanayoshushwa kutoka juu, na bonde alilolitumia kama ushahidi ni Rufiji.

Kisha ikaja delta yenyewe. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi wa mabwawa ya kufuga kamba kwenye eneo la takribani hekta 10,000, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilikuwa limeshauri vinginevyo. Wenye mradi walikuwa na jedwali: mtaji, ajira, mauzo ya nje. Delta ina misitu mikubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, na wakazi walikuwa na orodha yao: boriti, samaki, mashamba ya mpunga, njia za mitumbwi. Wanakijiji walikwenda Mahakama Kuu. Mradi haukujengwa. Mwaka 2000 mtafiti Jane Turpie alichapisha tathmini ya thamani ya maliasili za bonde na delta kwa wanaozitumia, na kwa mara moja vitu vile ambavyo havikuwa na safu kwenye jedwali vikapewa safu. Ilibidi watu wafike mahakamani kwanza.

Na mwezi Aprili 2024 maji yalizamisha tena mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, safari hii kukiwa na bwawa la Julius Nyerere huko juu. Hilo ni somo ambalo bado linaandikwa.

*

Nilipotoka darasani nilimuuliza rafiki yangu swali lililokuwa linanisumbua. Je, si kejeli kufanya mchezo wa jambo lililoua watu wengi kiasi hiki? Pipi, jamani. Tunawaambia nini waliozikwa Umatumbi?

Hakunijibu haraka. Akasema amelifikiria sana, ndiyo maana hajaweka kiboko kwenye mchezo, wala askari, wala Mohoro. Kengele ikigonga kila mtu anaondoka salama, na lazima wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi: hapa mmeonja hesabu, hamjaonja vita. "Lakini," akasema, "nikiwafundisha kwa mchoro, wanaondoka wakidhani afisa alikuwa na akili na mkulima alikuwa na hasira. Wakicheza, wanaondoka wakijua mkulima naye alikuwa na hesabu."

Nadhani ana haki, kwa sehemu. Kinachobaki kunikera ni kwamba mchezo wake bila yule binti wa nyuma ungefundisha kosa lilelile la afisa. Alikuwa amejiandaa vizuri, amesoma, ana nia njema, na bado alitoa vipande kumi na viwili vinavyofanana. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa na mtu wa delta darasani, na kwamba alipoambiwa amesahau ndege hakusema "tuendelee, muda umekwisha".

Wengi wetu tuliijua Kibiti kupitia habari za mwaka 2017, habari za mauaji na hofu. Sisi waandishi tulikwenda, tukaripoti, tukaondoka, na jina la wilaya changa, iliyomegwa kutoka Rufiji hata miaka haijapita, likabaki limefungwa na habari hizo. Nilikuwa nimesahau, hadi mchana ule, kwamba ni mahali pia ambapo watu wamekuwa wakifikiri kwa makini kuhusu kazi, chakula na muda kwa zaidi ya karne, mara nyingi mbele ya mtu mwenye daftari asiyewasikiliza.

Wiki iliyofuata rafiki yangu alinitumia picha kwenye simu. Alikuwa amechapisha upya kanuni za mchezo kwa ajili ya darasa la mwaka ujao. Vipande sasa vina namba. Vya 7 hadi 10 vimepakwa rangi, na chini ya ukurasa kuna jina la aliyevirekebisha. Kuhusu zile pipi kumi, aliniambia zilikaa mezani hadi jioni, mpaka mfanya usafi alipouliza kama anaweza kuwapelekea watoto wake.

Akamwambia achukue. Yeye hakuwa amelimishwa pamba.